Bi Mashuka Aenda kwa Dada Yake

Hospitalini walimwita Bi Mashuka, na alipostaafu jina lilitoka naye getini likaenda kuishi nyumbani kwake. Hakulichukia. Karibu maisha yake yote ya kazi aliyapitishia kwenye chumba cha kufulia nyuma ya wodi, chumba kirefu chenye sakafu ya saruji isiyokauka, mashine zikinguruma upande mmoja na pasi kubwa za mvuke zikifoka upande wa pili. Aliingia akiwa msichana wa kukunja foronya, akatoka akiwa msimamizi ambaye hata mganga mkuu alimwamkia vizuri kabla ya kumwomba mashuka ya ziada.

Kazi hiyo ilimwachia tabia moja iliyowaudhi ndugu zake wote: hakuweza kulala kwenye kitanda cha watu. Si kwamba aliringa. Alikuwa ameyaona mashuka mengi mno kabla hayajaingia kwenye maji ya moto, basi akilala ugenini, hata shuka liwe jeupe pe na linanukia sabuni, mawazo yalianza kumtembea mwilini kama siafu. Alikodoa macho mpaka kukapambazuka, kisha akaaga. Harusini alikwenda na kurudi siku ileile. Msibani alikaa kwenye kiti. Wakwe walimsema, wifi zake wakamchoka, naye akazoea kuwa mtu wa kutembelewa.

Mumewe alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Mtu mkimya, mambo yake aliyafikiria kwa mikono. Katika ndoa yao hakuwahi kumbishia mkewe habari ya vitanda. Alikuwa akimpeleka na kumrudisha, basi. Lakini mwaka alioifunga karakana yake alirudi nyumbani na gari kuukuu lililowahi kuwa kliniki ya macho, lile lililokuwa likizunguka vijijini kupima watu na kugawa miwani. Lilikuwa limetelekezwa muda mrefu nyuma ya hospitali, magurudumu yamezama kwenye majani. Akaling'oa mbavu zote za ndani. Akaweka kabati, sinki, tangi la maji, jiko la gesi la mafiga mawili, na mapazia ya kuteleza. Mwisho akaingia chumbani kwao na msumeno, akakata miguu ya kitanda chao cha ndoa, akakibeba na mkwewe hadi garini, kikaenea kana kwamba kilipimwa humo.

"Sasa tunalala wapi?" Bi Mashuka akauliza.

"Humo," akasema mumewe. "Kitanda chako kinatembea sasa. Unakwenda kwa dada yako au huendi?"

Dada yake mkubwa aliishi mji wa mwisho wa barabara ya pwani, pale barabara inapofika kwenye mlango wa mto na kukosa pa kwenda. Mjane, hakujaliwa mtoto. Enzi zake alikuwa mpokea simu kwenye ofisi ya bandari, na sauti yake haikuzeeka: nzito kidogo, iliyonyooka, kila neno limekaa mahali pake. Ndugu hawa walikuwa hawajaonana miaka mingi, ila kila Jumapili mchana waliongea kwa simu mpaka sikio likapata moto. Dada ndiye aliyekuwa na habari. Alisimulia soko, alisimulia ufukwe alikokwenda kunyoosha miguu, alisimulia muuza samaki mmoja mwenye maneno mengi ambaye alimpunja kila mtu isipokuwa yeye. Bi Mashuka aliujua mji ule kwa masikio. Aliweza kukuambia duka gani limepakwa rangi ya kijani na nani amenuniana na nani.

Wakaondoka asubuhi ya kawaida, bila shamrashamra. Gari lilikwenda kwa mwendo wa bibi harusi. Upande wa kulia bahari, upande wa kushoto mashamba, baadaye maghala, baadaye mashamba tena. Mumewe alishika usukani kwa mikono miwili, hasemi. Bi Mashuka alikaa kwenye kiti ambacho mumewe alikishona upya kwa ngozi bandia ya rangi ya kahawa, chupa ya chai mapajani, akisoma mabango kwa sauti mpaka akachoka.

Walilala njiani kwa binti yao wa kwanza, ambaye ana duka la dawa katika mji wa katikati. Hapo ndipo lilipotokea la kutokea. Binti alikuwa ameandaa chumba. Alinunua godoro jipya, bado limo kwenye nailoni ili mama yake alione kwa macho yake likifunguliwa. Alipoona baba yake anavuta waya wa umeme kutoka sebuleni kupeleka kwenye gari uani, alisimama mlangoni na mkasi wa kukatia ile nailoni mkononi.

"Mama, hili halijalaliwa na mtu," akasema. "Hata mimi sijalikalia."

"Najua, mwanangu."

"Sasa?"

"Sasa kitanda changu kiko pale nje. Nimekuja nacho."

 Binti aliweka mkasi juu ya meza taratibu. Walikula, wakaongea habari za dukani na za watoto, vicheko vikawepo vya kutosha, lakini kuna kitu kilikuwa kimekunjwa na kuwekwa pembeni, na Bi Mashuka alikiona. Asubuhi wakati wa kuagana binti alimkumbatia baba yake kwa muda mrefu, mama yake kwa muda mfupi.

"Umemuumiza," akasema mumewe walipokwisha kuingia barabarani.

"Nimelala, lakini."

"Ndiyo. Umelala."

Siku ya pili walikutana na kioja. Rangi nyeupe aliyopaka mumewe, pamoja na kurudiwa, haikuweza kulifunika lile jicho kubwa la kliniki lililochorwa ubavuni; lilibaki likichungulia chini ya weupe. Waliposimama kando ya kituo cha mafuta kuchemsha maji, mzee mmoja alikuja akasimama mbele ya mlango, mkono umeziba jicho la kushoto. Akaanza kuwasomea herufi za bango lililokuwa ng'ambo ya barabara. Nyuma yake wakajipanga wengine wawili. Mumewe akajaribu kueleza kwamba kliniki ilikufa zamani na hapa ni nyumbani kwa watu. Mzee akasema ameelewa, ila amesubiri gari hili tangu lilipopita mara ya mwisho, basi angalau wamwambie kama amesoma sawasawa. Bi Mashuka akalitazama bango.

"Umekosea moja tu," akamwambia. "Ile ya mwisho."

Mzee akashukuru, akaenda zake ameridhika. Bi Mashuka alicheka mpaka chai ikamwagika, na mumewe, ambaye hucheka kwa mabega tu, alicheka kwa mabega kilomita kadhaa.

Dada alikuwa ameahidi kuwapokea kwenye kituo cha mabasi. Walipofika alasiri hawakumwona. Walizunguka kituo, wakanunua maji, wakakaa. Simu ikaita.

"Nimebanwa kidogo, mdogo wangu," ikasema ile sauti. "Njooni tu nyumbani. Ulizeni jengo lenye fundi cherehani chini."

Gari halikuweza kuingia. Uchochoro wa dada ulikuwa mwembamba kiasi kwamba waendesha baiskeli wawili wakikutana, mmoja hushuka. Wakaliegesha kwenye uwanja mtupu karibu na ukuta wa bahari, wakafunga milango, wakaenda kwa miguu, Bi Mashuka amebeba mfuko wa zawadi, mumewe amebeba mkungu wa ndizi begani. Jengo lilikuwa la ghorofa tatu, la zamani, ngazi zake za mbao zimesimama wima kama ngazi za kupandia darini. Chini, mlangoni, mwanamke wa makamo alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Aliwatazama, akautazama mkungu wa ndizi, akaacha kukanyaga.

"Nyie ndio wa kwa bibi wa juu?"

"Ndiyo. Mimi ni mdogo wake."

"Afadhali mmekuja," akasema yule fundi. "Maana mimi nampandishia maji na mkate, lakini na mimi magoti yananipa salamu. Yeye hajakanyaga chini tangu mvua za mwaka juzi."

Bi Mashuka alidhani hajasikia vizuri. "Dada yangu? Jumapili iliyopita alikuwa sokoni."

 Fundi akaanza tena kukanyaga cherehani, polepole, kama mtu aliyegundua amesema la mwenzake.

Walipanda. Mlango wa juu ulikuwa wazi, na dada alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya dirisha, kitambaa kizuri kichwani, wanja machoni, fimbo mbili zimefichwa nyuma ya pazia zisifichike. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Chumba kilikuwa safi: kitanda, meza, redio, jiko la umeme, na pembeni ya dirisha kapu la ukili lililofungwa kamba ndefu. Dirisha lenyewe lilitazama uchochoro, mapaa ya mabati, kipande cha soko, na bahari. Kutoka pale uliona karibu kila kitu alichowahi kukisimulia.

Walisalimiana, wakashikana, wakafutana machozi. Mumewe akatua ndizi, akamwamkia shemeji yake, kisha akasema anakwenda kuangalia gari. Hakuna aliyemzuia.

"Kwa nini hukuniambia?" Bi Mashuka akauliza.

"Nikuambie nini?"

"Kwamba hutoki."

Dada alivuta upindo wa kanga yake akaulaza vizuri juu ya goti. "Na ningekuambia ungefanya nini? Ungekuja asubuhi ukaondoka jioni, safari ya siku mbili? Wewe hulali kwa watu. Nikaona nisikupe mzigo usioweza kuubeba. Nikakupa habari."

Ilisemwa bila ukali, kwa sauti ileile ya kumuunganisha mtu na ofisi anayoitaka.  Bi Mashuka aliinuka akaosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Jioni ile alishuka hadi garini, akatoa shuka na foronya zake, akamwambia mumewe alale peke yake. Mumewe alimtazama kidogo, akampa tochi. Aliporudi juu na kuanza kutandika, dada alimkodolea macho.

"Shuka langu lina nini?"

"Halina kitu. Mimi ndiye mwenye kitu."

"Basi tandika upande wako. Upande wangu uache."

Wakalala hivyo, kitanda kimoja, nusu shuka la mmoja na nusu la mwingine. Bi Mashuka hakupata usingizi. Usiku uliofuata vilevile. Wa tatu alisinzia kidogo, akaamka shingo imekakamaa. Hakupona, na sitaki kukudanganya kwamba alipona. Alilala vibaya siku zote alizokaa mle ndani, akakaa.

Kumshusha dada lilikuwa wazo la mumewe, ingawa hakulitamka kama wazo. Siku moja alipanda akiwa na futi ya kupimia, akampima shemeji yake mgongo na mapaja kwa heshima zote, huku ametazama pembeni, akashuka. Alichukua kiti cha abiria cha mbele ya gari, akakifungua. Akakitia mbavu za bomba kila upande za kushikia, akashonea mikanda ya usalama miwili, mmoja kifuani na mmoja magotini, na chini akaweka ubao wa kukanyagia miguu. Fundi cherehani alimwazima sindano nene na kumsimamia akishona, akimkosoa. Kwa kubeba walipatikana mchinjaji wa uchochoro wa pili na shemeji yake, watu wenye vifua.

Dada alikataa siku nzima. Alisema yeye si kabati. Alisema watu watamwona. Alisema ngazi zitavunjika, na zikivunjika, nani atalipa fidia ya mchinjaji. Bi Mashuka alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi malizia ukiwa chini."

Walimshusha taratibu, ngazi kwa ngazi, mchinjaji chini akitangulia kinyumenyume, shemeji yake juu, mumewe ubavuni akishikilia mkanda. Dada alifumba macho safari nzima na kutoa maelekezo kama aliyeyafumbua. Walipogusa ardhi hakufumbua mara moja. Alishusha mguu mmoja kutoka kwenye ubao, akausukumasukuma kwenye vumbi la uchochoro, kisha ndipo akatazama. Fundi cherehani aliacha kazi akaenda kusimama karibu naye.

Walimpeleka kwanza sokoni, kwa sababu ndiko alikotaka. Walimbeba na kiti chake hadi kwenye meza za samaki. Yule muuza samaki wa kwenye masimulizi alikuwepo kweli: mwanamume mnene, aproni ya plastiki, anaongea na wateja watatu kwa mpigo. Alimtupia jicho dada kama anavyomtupia mtu yeyote na kuendelea kuparua magamba. Bi Mashuka alihisi uso unawaka moto kwa niaba ya dada yake. Kumbe na huyu hamjui.

Dada hakutaharuki. Alisafisha koo.

"Leo una kolekole au una maneno tu?"

Kisu kilisimama. Muuza samaki aligeuka, akamtazama yule mama mdogo ndani ya kiti cha gari, akatazama juu, kama mtu anayetafuta dirisha hewani, akamtazama tena.

"Wewe ndiye mama wa kapu," akasema.

"Ndiye."

"Mimi nilifikiri wewe ni mrefu."

Kisha ikaelezwa. Kila alipopita uchochoroni na ndoo zake kurudi nyumbani, kapu lilishuka kutoka ghorofa ya tatu, na pamoja nalo sauti iliyojua bei ya kila samaki aliyemuuzia kila mtu mchana ule, maana mwenye sauti alikuwa ameona yote kutoka dirishani. Hakuwahi kuthubutu kumpunja. Aliwahi hata kumwambia mkewe habari za mama huyo. Sasa alifuta mkono kwenye aproni, akampa dada mkono huo wenye magamba, na dada akaupokea bila kupepesa.

Bi Mashuka alisimama pembeni akijipanga upya kichwani. Jumapili zote zile alizokuwa ameanza kuzihesabu kama uongo mtupu zilibidi kupangwa tena, hili kweli, hili nusu, hili la kutia chumvi. Ile ya kunyoosha miguu ufukweni ilibaki kuwa uongo. Hakuitaja.

Siku zilizofuata walizunguka naye. Kiti kilirudishwa mahali pake mbele ya gari, na dada akawa ndiye abiria wa mbele. Bi Mashuka akakaa nyuma kitandani, miguu inaning'inia, akiona njia kupitia mabegani mwa watu. Walifuata barabara ya pwani kurudi nyuma, wakisimama kila palipomvutia dada: kinu cha chumvi, daraja jipya, shule ambayo marehemu mumewe alikuwa mlinzi wake. Usiku walilala ndugu wawili kwenye kitanda kile kilichokatwa miguu, naye fundi wa viti akajinyoosha kwenye viti vyake mwenyewe, asubuhi akakiri kwamba vimeshonwa kwa ajili ya watu wafupi. Dada alikoroma. Aliamka na kulalamika kwamba gari linanuka gesi, kwamba chai imekuwa nyepesi, kwamba mdogo wake amezeeka vibaya kwa kukosa usingizi. Ndugu hawa waligombana mara moja kwa dhati, juu ya nani alimuuguza mama yao zaidi, wakanyamaziana kutoka kinu cha chumvi hadi darajani. Mume wa Bi Mashuka ndiye aliyesema, "Nani anataka maembe?" na wote wawili wakataka.

Bi Mashuka alimwomba dada yake aje waishi pamoja. Dada alikataa moja kwa moja.

"Kwako nitakuwa mgeni kila siku," akasema. "Kule uchochoroni watu wananijua sauti."

"Na ngazi?"

"Ngazi ndiyo shida. Hilo nakubali."

Karibu na meza ya fundi cherehani, chini kabisa, kulikuwa na chumba alichokitumia kuwekea vitambaa na mabaki. Waliporudi, mume wa Bi Mashuka aliongea naye. Haikuwa rahisi, fundi alikihitaji chumba chake, na mwenye jengo alikuwa mtu wa kukwepa simu. Mwishowe walibadilishana: vitambaa vikapanda ghorofa ya tatu, bibi akashuka. Kina mchinjaji walibeba tena, safari hii kitanda na redio. Bi Mashuka alipiga deki mara mbili, akafua kila kitu cha kufuliwa, akaanika uchochoroni mpaka wapita njia wakawa wanainama.

Dada hakufurahi. Chumba kile kilikuwa na dirisha dogo lililotazama ukuta. Alikaa humo siku ya kwanza akiwa amenuna, mikono mapajani.

"Mmeninyang'anya bahari," akasema.

Ilikuwa kweli. Mumewe alitoa kiti kile cha mikanda akakiweka nje ya mlango, kwenye kivuli, karibu na cherehani. Dada alikitazama siku nzima kupitia mlangoni. Kesho yake asubuhi walimkuta amekikalia, anamwambia fundi cherehani kwamba kola ya sare ile imeinama kushoto.

Waliondoka baada ya hapo. Njiani walipita kwa binti. Bi Mashuka aliingia kwenye kile chumba, akaikata mwenyewe nailoni ya godoro, akatandika. Alilala vibaya, kama ilivyotarajiwa, na alfajiri binti alimkuta jikoni anapanga vikombe. Akavuta kiti, wakanywa chai pamoja kabla watu hawajaamka.

Jumapili ya mwezi uliofuata dada alipiga simu. Akasema amekwenda mpaka ufukweni kwa fimbo zake mbili, amesimama kwenye maji, akarudi. 

"Mpe simu fundi cherehani," akasema Bi Mashuka.

Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti nyingine.

"Amefika ukuta wa bahari," akasema fundi. "Kwenye maji hajaingia. Mimi nilikuwa naye. Ila viatu vimelowa, maana wimbi liliruka ukuta."

"Ahsante."

"Anataka kuongea nawe tena."

"Mpe," akasema Bi Mashuka, akavuta kiti.